Wimbo wa Mtoni Ulingoni

Mume wangu na kaka yangu hawajawahi kugombana kuhusu shamba, siasa wala dini, mambo ambayo watu wa huku kwetu huyagombania mpaka wakashikana mashati. Wao waligombania ngumi. Tena waligombania ngumi mezani pangu, Kitale, wakila chapati zangu, huku mwenye kupigwa ngumi hizo ameketi katikati yao akichovya chapati yake kwenye mchuzi kana kwamba anaongelewa mtu mwingine. Huyo ni mwanangu, wa kiume wa pekee niliyejaliwa.

Swali lenyewe lilikuwa rahisi kulisema. Kulikuwa na bondia mmoja kutoka Busia, mtu mzima, aliyekwisha kupigana na kila mtu kuanzia Kisumu hadi Kampala, naye alikuwa anatafutiwa mpinzani wa kupambana naye Bungoma mjini. Mwanangu alikuwa na miaka ishirini na kidogo, na mapambano machache ya kulipwa, yote dhidi ya vijana wa rika lake, yote yaliyochaguliwa na kaka yangu kwa makini kama mtu anayechambua mbegu. Je, akubali?

"Akubali," mume wangu alisema. "Mtu anajulikana kwa ile ngumu. Si hizi za kupiga watoto."

"Shemeji, tungoje miaka mbili," kaka yangu akajibu. "Kwanza aone kila aina ya mtu. Aone mrefu, aone mjanja, aone ule wa mkono wa kushoto. Halafu ndio aende kwa huyo mnyama."

"Miaka mbili huyo si atakuwa mzee, bana?"

"Hapo ndio vizuri. Atampiga akiwa mzee."

Mimi nilicheka. Mume wangu hakucheka.

Nieleze kwanza sisi ni akina nani. Mimi ni mzaliwa wa eneo liitwalo Kwanza, kule kwenye mahindi, ambako wazazi wangu walihamia kutoka upande wa Nyeri nikiwa sijazaliwa. Ni Wakikuyu wa Trans-Nzoia, watu wa shamba, kanisa na biashara ndogondogo. Mume wangu ni Mbukusu wa karibu na Mabanga, upande wa Bungoma, afisa wa kilimo ambaye ametumia nusu ya maisha yake akiwaambia wakulima wasipande kwa pupa. Mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Kitale. Kaka yangu ndiye aliyebaki na shamba la baba kule Kwanza. Asubuhi yuko na ng'ombe na mahindi. Alasiri anakuja mjini, kwenye stoo ya zamani ya mahindi, kufundisha vijana ngumi alizozicheza yeye mwenyewe enzi za ujana wake.

Stoo ile inanuka vumbi la mahindi na jasho. Kaka yangu alifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, usawa wa kifua, na kijana yeyote aliyekuja alipitishwa chini ya kamba hiyo, akiinama kushoto, akiinukia kulia, akienda mbele, akirudi nyuma, wiki baada ya wiki, kabla hajaruhusiwa kugusa glovu. Wengi walichoka wakaenda zao. Walitaka kupiga mtu, si kuinamia kamba. Kaka yangu hakuwabembeleza. Alisema hapa tunafunza macho na miguu, mikono kila mtu alizaliwa nayo.

Mwanangu hakuchoka. Alipitia kamba ile mpaka ikawa hata nyumbani akiingia mlangoni anainama kidogo na kuibukia upande wa pili, na dada zake wakamcheka. Kuhusu ugomvi wa wale wawili, mimi nilikuwa upande wa kichwa cha mwanangu. Niliwaambia hivyo, wakaniangalia kwa huruma kama mtu asiyejua mchezo, wakaendelea kubishana.

Lakini ugomvi huu haukuanza na ngumi. Ulianza miaka mingi kabla, siku kijana alipokwenda kwa mjomba wake kabla ya kutahiriwa.

Kwa Wabukusu, kijana anayetahiriwa huzunguka kwa jamaa zake na njuga mikononi, akiimba na kuwaalika. Lazima afike kwa mjomba, kaka ya mama. Mjomba huchinja, humvika kijana kipande cha nyama shingoni, kisha humzaba kofi na kumtukana. Humwambia kama wewe ni mwoga rudi ukakae jikoni na dada zako, usituaibishe. Si chuki. Ni kumkaza moyo, ili kesho yake alfajiri asimame mbele ya kisu bila kutikisika wala kupepesa jicho, maana watu wote watakuwa wanamtazama usoni.

Kaka yangu alielezwa yote haya. Mume wangu alikwenda Kwanza mapema kumfundisha maneno, na wakayafanyia mazoezi zizini mpaka wakacheka. Siku ikafika. Mwanangu akashuka kwenye pikapu na vijana wa Mabanga, mwembamba, amepakwa unga, amekauka midomo, njuga zinalia. Kaka yangu akamvika nyama. Akainua mkono. Sisi sote tukasubiri kofi.

Mkono ukashuka taratibu ukakaa begani. Akamvuta mtoto kifuani akamkumbatia, nyama ile ikachafua shati lake jeupe la kanisani, na akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Ukisikia uchungu, lia tu, mtoto wangu. Hakuna mtu alikufa juu ya kulia."

Njuga zikanyamaza. Wale vijana wa Mabanga wakatazamana kana kwamba mchungaji ametukana madhabahuni. Mume wangu akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Kesho yake alfajiri nilikuwa ndani ya nyumba ya mkwe wangu, kwa sababu mama haendi uani kushuhudia. Niliusikia wimbo ukija kutoka mtoni, ule wanaoimba wakimleta kijana akiwa amepakwa tope, wimbo mzito wa wanaume unaotisha hata ukiwa hujui maneno. Ukakaribia, ukafika uani, ukakatika. Kimya. Kisha filimbi ya kutangaza kwamba kisu kimemaliza, na vigelegele. Mume wangu akaingia machozi yanamtoka, akanishika mikono. "Hajapepesa! Mama, hajapepesa hata jicho!" Nami nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi mpaka nikalia.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Mtoto alisimama, basi. Lakini kumbatio lile la Kwanza halikusahaulika. Kijana alipoacha mpira shuleni, ikasemwa ni ile ya mjomba. Alipofeli mtihani wa udereva mara ya kwanza, ni ile ya mjomba. Mume wangu aliyasema kwa utani, na utani ukirudiwa miaka yote hiyo haubaki utani. Mwanangu alikuwa anayasikia. Kaka yangu pia alikuwa anayasikia, na ndiyo maana pale mezani hakuweza kupinga pambano la Bungoma kwa sauti yake yote. Kila alipotamka neno subira, shemeji yake alisikia lile lile neno la zamani, lia tu, mtoto wangu.

Mwishowe kijana mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Aliweka chapati chini. "Anko, mi nataka hiyo fight. Nimechoka kuambiwa napiga wasee wadogo."

Kaka yangu alipangusa mikono. "Sawa. Nitakuwa kona yako."

Nilimfuata nje alipokuwa anawasha pikipiki yake. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini amekubali kitu anachojua ni kibaya. Alisema, "Dada, nikikataa ataenda tu. Halafu watamwekea mtu kwa kona hajui kutupa taulo."

Pambano lilikuwa alasiri ya Jumamosi, kwenye ukumbi mmoja pale Bungoma. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Watu wa Mabanga walikuja kwa lori, jamaa, majirani, hata wale waliokuwa uani siku ile ya kisu. Mume wangu aliketi mbele kabisa na koti lake la harusi za watu. Mimi nilisimama nyuma, karibu na mlango, kwa sababu nilitaka kuwa na mahali pa kukimbilia.

Raundi za kwanza nilianza kuamini kwamba kaka yangu ni mwalimu hasa. Yule wa Busia alikuwa na mikono mizito na shingo ya fahali, lakini mwanangu alikuwa anapita chini ya kamba. Kamba haikuwepo, lakini mimi niliiona. Kushoto, kulia, ndani, nje, na yule mtu mzima akawa anapiga hewa na kukunja uso. Mwanangu alikuwa anagusa na kuondoka, anagusa na kuondoka. Kaka yangu kwenye kona alikuwa anatabasamu kama mtu anayeona shamba lake linachanua.

Watu wa kwetu hawakufurahi. Hawakuja na lori kutoka Mabanga kumwona mtoto wao akirudi nyuma.

"Wacha kukimbia! Simama, bana!"

"Ati huyu ni bondia ama ni wa disko?"

Halafu kule nyuma, si mbali na nilipokuwa, mwanamume mmoja akaanzisha wimbo. Nilidhani nimesikia vibaya. Ulikuwa ule wa mtoni. Wimbo ule hauimbwi ovyo; wazee wangekuwepo wangemnyamazisha, lakini pale palikuwa na vijana na chupa zao. Wakaudaka. Kufumba na kufumbua upande mzima wa ukumbi ulikuwa unaimba, wanakanyaga sakafu, mabati yanajibu juu.

Nikaiona miguu ya mwanangu ikisimama.

Kwanza miguu, kisha mabega. Kisha kidevu kikainuka, kile kidevu ambacho mjomba wake alikuwa amekaa miaka mingi akikishusha kwa vidole. Macho yakatazama juu kidogo ya kichwa cha yule mtu wa Busia, mbali, kama hayupo. Mimi sikuwahi kuona jinsi alivyosimama alfajiri ile uani. Mama haoni. Siku hiyo Bungoma ndipo nilipoonyeshwa.

Yule wa Busia mwenyewe alishangaa. Alisita, kana kwamba anashuku mtego, halafu akaanza kazi. Ngumi ya kulia ilikuwa inatua kwenye jicho la kushoto la mwanangu, inarudi, inatua tena palepale. Naye amesimama. Ukumbi ulikuwa umelewa. Kaka yangu alikuwa anapiga kelele, "Songa! Songa! Kamba! Kamba!" na nilikuwa naona mdomo wake ukifunguka tu, sauti hakuna, wimbo umeimeza. Nami nilipiga kelele. Hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Kaka yangu akachukua taulo alitupe ulingoni, pambano lisimamishwe. Mume wangu akaliona, akaruka kutoka kiti chake akamshika mkono. Walivutana pale chini ya ulingo, watu wazima wawili, kila mmoja ameshika ncha moja ya taulo kama wanawake wanaokunja shuka. Baadaye kaka yangu aliniambia maneno aliyoambiwa pale. Mume wangu alimwambia, "Shemeji, usinifanyie tena."

Kaka yangu akaachia. Nimemuuliza mara nyingi kwa nini aliachia, na kila mara ananipa jibu lile lile, kwamba neno "tena" lilimwondolea nguvu mikononi.

Sasa sikiliza kilichofanya mambo yawe magumu kuliko kama angepigwa akaanguka. Mwanangu alishinda. Yule wa Busia alipiga mpaka mikono yake ikawa mizito, raundi ya mwisho akaishusha apumue, na kijana wangu, uso umeumuka kama unga uliotiwa hamira, akamchoma ngumi moja chini ya mbavu. Mtu mzima akapiga magoti na hakuinuka. Ukumbi ulilipuka. Walimbeba mwanangu juu juu wakamtoa nje kwenye mvua, na mume wangu alikuwa anakimbia pembeni yao bila koti, akilia na kucheka kama siku ile ya filimbi.

Kaka yangu alisubiri wamalize. Kisha akamkalisha kijana kwenye ngazi akamwosha uso kwa maji baridi, polepole. Tuliporudi Kitale aliniambia, "Dada, pengine mimi ndio sijui hii kazi." Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimezoea kumwona akishindwa kwa maneno na mume wangu huku bado anaamini. Sasa alikuwa ameshindwa kabisa. Mtu akikuonyesha mshindi utamwambia nini kuhusu subira?

Baada ya hapo simu hazikukoma. Kulikuwa na pambano Nairobi, na mtu mkubwa kuliko yule wa Busia. Dukani kwangu wateja walikuja kununua dawa ya kupe wakabaki kunisimulia mwanangu alivyosimama. Mume wangu alikuwa anapita akitoka kazini ili tu awasaidie kusimulia. "Ngumi inakuja hivi," anasema, na anaisogeza mbele ya uso wa mteja mpaka mteja anarudi nyuma, "na yeye jicho halipepesi."

Mimi nilikuwa nikitazama vitu vidogo. Kijana alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe na kupangusa meza haraka kabla sijaona. Aligonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, yule aliyekuwa anainama bila sababu. Tulikuwa na mchezo wetu tangu utotoni: namrushia pakiti ya mbegu za sukumawiki kutoka nyuma ya kaunta, anaidaka bila kuangalia. Siku moja nikairusha, ikampiga shavuni, ikaanguka. Akacheka sana. "Mathe, umerusha vibaya." Nilijua sikurusha vibaya. Nilimwambia twende tukaonane na daktari wa macho, akasema ni uvimbe tu, unaisha.

Usiku nilikuwa nalala nikimtazama mume wangu akikoroma kwa amani, na nilimchukia kidogo. Asubuhi namwekea chai na hasira zimepungua, kwa sababu mtu huyu hakutaka mabaya. Alitaka watu wa Mabanga waache kusema.

Halafu ikaja Jumapili moja, baada ya kanisa. Wote mezani tena, chapati zilezile, kaka yangu kutoka Kwanza na shati lake jeupe. Mume wangu alikuwa anaeleza habari za Nairobi, na kaka yangu, badala ya kupinga, alikuwa anaitikia kwa kichwa. "Sawa, shemeji. Kama kijana mwenyewe ako tayari." Niliposikia hivyo nilijua kwamba hakuna aliyebaki isipokuwa mimi.

Simu ya mume wangu ikalia. Alikuwa mwandaaji wa pambano. Ndani ya nyumba yetu mtandao husumbua, basi akatoka nje barazani kwa kupitia jikoni, akisema, "Eeh, eeh, tunaongea hiyo mambo sasa hivi."

Niliinuka kana kwamba nakusanya sahani. Nikapita nyuma ya mwanangu. Nikapeleka kiganja changu upande wake wa kushoto, kwa kasi, kama ninayetaka kumzaba, nikakisimamisha karibu kabisa na jicho.

Hakupepesa.

Kaka yangu akaacha kutafuna. Nikazunguka nikafanya hivyo hivyo upande wa kulia. Jicho likafumba mara moja, na kichwa kikaruka nyuma kama cha mtu yeyote wa kawaida.

"Mama, unafanya nini?" kijana akauliza. Lakini alikuwa ameshaelewa. Aliangalia sahani yake. Mjomba wake alimwita jina lake kwa upole.

"Ni tangu Bungoma," mwanangu akasema. "Kwanza nilikuwa naona kama nzi wadogo wanapita. Halafu ikakuja kama pazia. Sasa hiyo side ni giza tu."

"Na ungeenda Nairobi hivyo?" kaka yangu akauliza.

"Ningeenda. Anko, msiambie baba. Tafadhali. Atasema ni ile yako ya Kwanza. Atasema niliogopa nikatafuta sababu."

Mume wangu alikuwa amerudi. Alikuwa ameingia kwa mlango wa jikoni, ambao uko kushoto kwa kiti cha kijana, na alikuwa amesimama pale tangu neno Bungoma. Simu bado ilikuwa mkononi, na sauti ndogo ya mwandaaji ilikuwa bado inaita, halo, halo. Alikuwa karibu na mwanawe kiasi cha kumgusa. Sisi wawili tulimwona. Mtoto hakumwona.

"Si mtanifichia tu?" mwanangu akasema tena, akitutazama mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi mnajua vile yeye huwa."

Mume wangu alizima simu. Akanyoosha mkono, taratibu, kama kaka yangu alivyoushusha ule wake miaka ile, akauweka kwenye bega la kushoto la mwanangu.

Kijana alishtuka. Aliruka kitini, mikono ikapanda usoni, macho yote mawili yakafumba, na sauti ndogo ikamtoka. Mbele ya baba yake, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alijikunja.

Mume wangu hakuuondoa mkono.